Nguo ya Mchezo: Acha Jasho Likauke

Ndugu kijana unayecheza mupira, na wewe mama au baba unayemnunulia mtoto nguo ya mchezo, maneno haya ni yenu. Na wewe antrenere, uyasome kwa sauti mbele ya ekipi yako yote.

Watu wengi wanapochagua nguo ya kuchezea wanatazama rangi, wanatazama jina la mchezaji mkubwa lililoandikwa mgongoni, kisha wanauliza bei. Ni wachache wanaoshika kitambaa mkononi na kujiuliza: "Hii nguo itafanya nini na jasho langu?" Lakini hilo ndilo swali la kwanza. Nguo isiyofaa inaweza kukuchubua ngozi, kukuletea upele na kukuchosha mbele ya wakati. Na siku ya jua kali, inaweza hata kumwua mtu mzima mwenye nguvu.

1. MWILI UNAFANYA MOTO KAMA MOTERE

Umeona lori lililojaa mizigo linapopanda mlima. Dereva anasimama njiani, anafungua na kutia maji, sababu motere imeshika moto. Mwili wako ni vile vile. Nguvu unayopata katika chakula haiendi yote katika mbio. Karibu robo tu inasukuma miguu. Sehemu nyingine zote zinageuka kuwa moto ndani ya mwili, na moto ule unapaswa kutoka.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digri 37. Ukicheza kwa nguvu, joto linapanda kidogo, na hiyo si ugonjwa. Lakini likipita digri 40 na kuendelea kupanda, ubongo unaanza kuharibika, kisha ini, figo na moyo.

Mwili unatoaje moto huo? Kwa njia ya jasho. Lakini sikiliza vizuri: jasho lenyewe haliposhi mwili. Kinachoposha ni kukauka kwa jasho. Litre 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi, inaondoa moto unaotosha kuchemsha sufuria ya maji ya litre 7 hivi. Mtu anayecheza kwa nguvu katika joto anaweza kutoa litre 1 ya jasho kwa saa moja, na wengine hata litre 2. Lakini jasho linaloanguka chini tone kwa tone, au linalobaki limefungwa ndani ya nguo, halikusaidii sana. Umepoteza maji yako bure.

2. MTUNGI NA BIDO

Mama zetu wanajua jambo hili tangu zamani. Maji ndani ya mtungi wa udongo yanakuwa baridi hata mchana. Maji yale yale ndani ya bido ya plastiki yanakuwa ya moto. Juu ya nini? Udongo wa mtungi una matundu madogo sana. Maji kidogo yanapita, yanafika nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na moto. Bido haina matundu. Hakuna kinachopita, hakuna kinachokauka.

Basi shika neno hili: nguo nzuri ya mchezo ni kama mtungi, nguo mbaya ya mchezo ni kama bido. Sasa tutazame vitambaa kimoja kimoja.

Pamba. Kwenye etiketi utaona neno la Kifaransa "coton". Pamba ni laini juu ya ngozi na inapitisha hewa. Inapenda maji: hata unapoiona kavu, karibu sehemu 8 katika 100 za uzito wake ni maji iliyokunywa katika hewa. Kwa kazi ndogo na kwa kutembea, ni nguo nzuri sana. Shida yake ni hii: ukitoa jasho jingi, pamba inalikunywa na kulishika. Inakuwa nzito, inanata mwilini, inazuia upepo, na inachelewa kukauka.

Poliesta. Kitambaa hiki kilitengenezwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1941, na leo mayo nyingi za mupira ni za poliesta. Uzi wake haunywi maji, hata sehemu 1 katika 100. Kama kimefumwa vizuri, chenye matundu madogo, jasho linatambaa katikati ya nyuzi, linatawanyika na kukauka upesi. Lakini kama kimefumwa kwa kubana, bila tundu, ni bido tu! Kwa hiyo usinunue kwa kusoma jina la kitambaa peke yake.

Nailoni. Ni ngumu, haipasuki upesi, na inakauka upesi. Inafaa kwa kaputula. Lakini koti la nailoni lisilopitisha upepo si la kukimbilia mchana.

Sufu. Ni manyoya ya kondoo. Inashika joto hata ikilowa, basi inawafaa watu wa milimani wakati wa baridi na mvua.

Plastiki na kauchu. Hizi si nguo za mchezo hata kidogo. Tutasema habari zake hapa chini.

3. JARIBU MBELE YA KUNUNUA

Sokoni, katika mitumba, mara nyingi etiketi imekatwa. Hapana shida. Unaweza kujaribu mwenyewe.

Jaribu la pumzi. Weka kitambaa juu ya mdomo na upulize. Ukisikia pumzi imepita upande wa pili kwa mkono wako, ni vizuri. Ikigoma kupita, acha nguo ile, hata kama rangi yake inakupendeza.

Jaribu la tone. Nyumbani, weka tone moja la maji upande wa ndani wa nguo. Likitambaa na kuenea, jasho nalo litaenea. Likikaa juu kama ushanga, jasho litabaki juu ya ngozi yako.

Jaribu la moto. Vuta uzi mmoja tu katika pindo na kuuchoma kwa kiberiti, mbali na watoto. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha punje ngumu. Jaribu hili linatufundisha jambo lingine la nyumbani: nguo ya poliesta ikishika moto, inayeyuka na kugandamana na ngozi. Usimwache mtoto aliyevaa mayo acheze karibu na babula lenye makala ya moto, na wewe mwenyewe usipike nayo.

Kisha tazama upana. Nguo pana kidogo inaacha upepo upite katikati ya kitambaa na ngozi. Upana una faida kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1980 wataalamu waliandika habari za Wabedui, watu wa jangwani wanaovaa kanzu nyeusi chini ya jua kali. Walipima, wakaona kanzu nyeusi yenyewe inashika moto kuliko nyeupe, lakini ngozi iliyo chini yake haipati moto zaidi. Kanzu ni pana. Moto ule unachukuliwa na upepo kabla haujafika mwilini. Mayo yako haiwezi kuwa pana kama kanzu, basi chini ya jua rangi nyeupe au rangi nyepesi ni bora, na usichague nguo ya kukubana.

4. TAZAMA HEWA YA MAHALI PAKO

Inchi yetu ni kubwa na hewa si moja. Kisangani ni mahali pa msitu, na hewa yenyewe imejaa maji. Pale jasho linakauka kwa shida hata ukivaa nguo nzuri. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa, ni mahali pa joto. Kwa watu wa pande hizo shauri ni hili: vaa nguo nyepesi na chache, cheza asubuhi mapema au jioni, na wakati wa mitan badilisha mayo iliyolowa, au uivue na kuikamua, ukae kivulini penye upepo. Usivae singileti ya pili chini ya mayo.

Goma na Bukavu ziko juu, kadiri ya metre 1,500, na Butembo inapita hapo. Pale hatari nyingine inakuja baada ya mchezo. Umelowa jasho au mvua, jua limeshuka, umekaa chini unazungumza na wenzako. Maji yanaondoa joto la mwili kwa nguvu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Nguo ya pamba iliyolowa inakunyonya joto kama vile umeingia mtoni. Vivyo hivyo Lubumbashi asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba. Shauri: beba singileti kavu katika mfuko wako. Mchezo ukiisha, vua ile iliyolowa, jipanguse, vaa kavu, kisha trening juu yake. Trening ni nguo ya kabla na baada ya mchezo. Si nguo ya kukimbilia saa saba mchana.

5. NGUO YA PLASTIKI INAUA

Kuna vijana wanaovaa mfuko wa plastiki au koti la mvua chini ya trening, kisha wanakimbia. Mabondia na watu wa mieleka wanafanya hivyo kusudi uzito upungue mbele ya kupimwa. Wengine, wanaume kwa wanawake, wanafanya kusudi tumbo liishe. Wanasema: "Ona jasho linavyomwagika! Mafuta yanatoka."

Hapana. Mafuta hayatoki na jasho. Kinachotoka ni maji na chumvi. Ukipanda juu ya kilo baada ya kukimbia hivyo, utaona uzito umeshuka kweli, lakini ukinywa maji uzito unarudi siku ile ile. Na wakati ule wote jasho halikauki, sababu umejifunga ndani ya bido. Moto unazidi, maji yanapungua, damu inakuwa nzito, moyo unapiga mbio.

Marekani, katika mwaka 1997, wanafunzi 3 wa vyuo vikuu, wachezaji wa mieleka, walikufa namna hiyo, katikati ya tarehe 7 Novemba na tarehe 9 Desemba. Walikuwa vijana wenye afya. Kila mmoja alikuwa katika jimbo lake, hawakuwa pamoja. Wote watatu walikuwa wanapunguza uzito kwa haraka: walijinyima chakula na maji, wakavaa nguo isiyopitisha jasho, wakafanya mazoezi makali mahali pa joto. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1998 wakubwa wa michezo ya vyuo vya Marekani wakakataza nguo hizo. Kama vijana wenye waganga na antrenere karibu yao walikufa, wewe unayekimbia peke yako barabarani usijaribu.

Mtu anayetaka kupunguza uzito apunguze mafuta na sukari katika chakula, atembee na kufanya mazoezi kila siku, na avumilie. Kazi hiyo inachukua miezi, si siku moja.

6. MCHEZAJI AKIANGUKA KWA JOTO

Mara nyingi tunasikia uwanjani: "Ule mutoto wamemuloga! Ni ndawa ya ekipi ingine!" Au mwenye busara kidogo anasema: "Ni malaria tu." Wakati watu wanabishana, ubongo wa mtoto unaungua.

Jifunze dalili. Mchezaji anayumba. Anakimbilia goli lisilo lake. Anajibu maneno yasiyo na maana, au anagombana bila sababu. Kichwa kinamwuma, anatapika, anaanguka. Ukimgusa, mwili ni moto sana. Usidanganywe na jasho: mtu huyu anaweza kuwa bado analowa jasho, na hatari iko.

Fanya hivi, mara moja, usingoje gari:

Mpeleke kivulini.

Mvue mayo, soksi na viatu, na kila nguo inayofunga joto.

Mmwagie maji mengi mwili mzima, hasa kichwa, shingo, kwapa na mapaja. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji baridi, mweke ndani, mtu mmoja akishika kichwa chake juu ya maji. Kama maji ni kidogo, lowesha kikwembe, umfunike, na watu wawili wampepee kwa nguvu. Kikwembe kikipata joto, kiloweshe tena.

Kama ana akili zake na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Kama hajitambui, hapana kumpa kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu.

Hapana kumpa dawa ya homa. Joto hili si la homa, na dawa ile hailishushi.

Wakati mnamposha, mwingine atafute njia ya kumpeleka hospitali au kituo cha afya. Endeleeni kumpepea na kumlowesha hata njiani. Poza kwanza, peleka kisha. Mkifika, mwelezeni muganga kwamba ameanguka katika mazoezi, na alikuwa amevaa nini. Malaria itapimwa pale pale.

7. NGUO NA NGOZI YAKO

Si kila shida ya nguo ni ya kifo. Nyingine ni ndogo, lakini zinamtoa mchezaji uwanjani.

Kuchubuka. Nguo iliyolowa inasugua mapaja, kwapa na chuchu. Wakimbiaji wa mbali wanatoka damu katika chuchu. Chagua nguo yenye mshono laini, na mbele ya mbio paka vazelini kidogo mahali panaposuguliwa. Wasichana wavae sidiria inayoshika vizuri bila kubana pumzi. Matiti yanayorukaruka yanauma na kumfanya mchezaji aogope kukimbia.

Malengelenge miguuni. Soksi nene ya pamba ikilowa inalainisha ngozi, kisha kiatu kinaisugua. Tumia soksi inayokauka upesi, isiyo na mkunjo, na uwe na ya pili kwa kubadilisha.

Upele wa kuwasha katika mapaja na katikati ya vidole vya miguu. Huu mara nyingi ni ukungu, na ukungu unapenda mahali pa joto, pa giza na pa maji. Unahama katika nguo. Ekipi nyingi zina mayo za ekipi, na hakuna ubaya, lakini zifulwe kila mara kabla mwingine hajavaa. Kaputula ya ndani, soksi na taulo, kila mtu awe na vyake. Ukiona alama ya duara inayowasha na kuenea, njoo upate dawa ya kupaka.

Harufu. Poliesta inashika harufu kuliko pamba. Ubelgiji, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, watu 26 walipanda baiskeli ya mazoezi saa moja, kisha nguo zao zikanuswa na kupimwa. Zile za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Sababu ni vijidudu vinavyopenda kukaa katika uzi ule. Basi usifungie mayo iliyolowa ndani ya mfuko mpaka kesho. Ifule siku ile ile kwa sabuni, isuuze sana, ianike.

Kuanika. Anika juu ya kamba, penye jua kali, siyo juu ya majani wala juu ya mchanga. Kuna nzi anayetaga mayai katika nguo yenye unyevu. Mtoto wake anaingia katika ngozi na kufanya jipu lenye mdudu ndani. Nguo ya pamba uipige pasi ya moto pande zote, zaidi kwenye mishono. Lakini poliesta inayeyuka kwa pasi kali: weka kitambaa cha pamba juu yake, pasi isiwe ya moto sana, na uikaushe kabisa kabla ya kuivaa.

8. JE, NGUO YA BEI INAONGEZA MBIO?

Vijana wanatuuliza hivyo. Tunajibu kwa haki. Katika maji, nguo iliwahi kuleta tofauti kubwa: mwaka 2009 mjini Roma, waogeleaji waliovaa nguo laini kama kauchu, zilizofunika mwili, walivunja rekodi za dunia 43 katika mashindano mamoja. Tangu mwaka 2010 nguo hizo zikakatazwa. Lakini kwa mupira na mbio za inchi kavu, hakuna kitambaa kinachoweka nguvu katika miguu. Wataalamu walipolinganisha mayo ya pamba na ya poliesta katika joto la kawaida, mara nyingi walikuta joto la ndani ya mwili karibu sawa. Tofauti kubwa ni katika kusikia raha: uzito, kunata, kusuguliwa, baridi baada ya mchezo. Na mtu mwenye raha anacheza vizuri kuliko mtu anayevuta mayo yake kila dakika.

Kwa hiyo mzazi, usikope feza kwa kumnunulia mtoto mayo yenye jina kubwa. Nguo ya mitumba iliyo nyepesi, pana kidogo, inayopita jaribu la pumzi, na iliyofulwa vizuri, inatosha. Feza iliyobaki nunua sabuni, na bido ya maji ya kunywa kwa uwanja. Pale bido ni mahali pake.

MASWALI

Jibuni pamoja na wenzenu, mkitazama tena hapo juu.

1. Juu ya nini maji ya mtungi ni baridi na ya bido ni ya moto?

2. Utafanya nini sokoni kusudi ujue kama mayo inapitisha hewa?

3. Rafiki yako anataka kukimbia na plastiki mwilini kusudi tumbo liishe. Utamwambia nini kinachotoka pamoja na jasho, na nini kisichotoka?

4. Mchezaji ameanguka, mwili ni moto sana, na gari halijafika. Mtaanza na nini?

5. Leo jioni, mayo ya ekipi yenu iko wapi: juu ya kamba, ao bado ndani ya mfuko?